Wengi Wape, ila Akili Baki Nayo

Toleo lililopita niliwauliza swali moja tu, ni maoni gani ya siasa unayo na hujawahi kumwambia mtu. Nilidhani nitaletewa maoni, kumbe zimekuja barua za watu wanaoeleza kwa nini hawasemi, na karibu wote wanamalizia na "Anko tafadhali usitaje jina", ambalo nalo ni jibu tosha. Nimechagua chache, nyingine nimezipunguza maana mtu anajaza kurasa tatu hajafika kwenye swali. Na wale mnaotaka nitaje niko upande gani, hapana, nikitaja tu nusu yenu mtaacha kusoma jibu muanze kusoma rangi yangu. (Haya, na uoga kidogo upo.)

Anko shikamoo. Niko kwenye grupu la watu niliosoma nao, siku hizi ni siasa tupu na ni chama kimoja tu. Mtu anarusha habari, najua kabisa imekuzwa, ila wenzangu wakianza kuweka makofi na mimi naweka. Juzi jamaa mmoja akauliza kistaarabu tu, hizo takwimu zimetoka wapi? Walimshukia mpaka akaandika "nilikuwa natania jamani". Mimi moyoni nilikuwa naye, lakini sikumtetea, tena niliweka emoji ya kucheka. Je, mimi ni mnafiki? – Makofi ya Bure

Marahaba mwanangu. Kidogo ndiyo, ila una wenzako wengi kuliko unavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Solomon Asch, aliweka vijana kwenye chumba, akawaonyesha kadi yenye mstari mmoja na kadi nyingine yenye mistari mitatu, kazi ni kusema upi kati ya ile mitatu unalingana na ule mmoja. Kitu ambacho mtoto hakosei. Ujanja ni kwamba chumba kizima walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, na kuna raundi wote wanataja kwa sauti jibu ambalo si lenyewe, halafu inafika zamu ya yule asiyejua kitu. Robo tatu hivi ya waliopimwa walikubali jibu la uongo angalau mara moja, na ukihesabu majibu yote ya zile raundi za mtego, zaidi ya theluthi yalikuwa ya kufuata mkumbo. Na pale ilikuwa mistari tu! Hakuna anayepoteza rafiki wala kazi kwa sababu ya mstari. Baadaye walipoulizwa, wengine walisema walijua jibu ila hawakutaka kuonekana wa ajabu, na wengine walisema walianza kudhani macho yao ndiyo mabovu.

Sehemu ambayo watu huwa hawaisimulii ni hii. Asch alipoweka ndani ya chumba mtu mmoja tu wa kusema ukweli, makosa yaliporomoka mpaka robo ya yale ya mwanzo. Mmoja tu, na hakuhitaji kuhutubia, alitaja jibu lake basi. Sasa rudi kwenye grupu lako. Jamaa alipouliza kuhusu takwimu, alikuwa anamhitaji mtu mmoja aandike "hata mimi ningependa kujua", maneno manne, hayapingi chama wala hayamtukani mtu. Ndiyo maana makofi yako mimi nayasamehe kabisa, makofi ni funika kombe mwanaharamu apite, ila ile emoji ya kucheka hapana. Makofi yalikuwa ya kujificha wewe, emoji ilikuwa ya kumzika mwenzio ili usionekane uko naye.

Na kuna hesabu hujaipiga. Wewe unaangalia makofi ya wenzako unasema hawa wote wanaamini, na wao wanaangalia makofi yako wanasema hivyohivyo. Mchumi Timur Kuran aliyaeleza haya vizuri sana, kwamba mtu ana msimamo wa chumbani na msimamo wa hadharani, na kila mmoja anapima mazingira kwa kutumia misimamo ya hadharani ya wenzake, kwa hiyo uongo wa huyu unakuwa ushahidi wa yule. Kuna utafiti ulichapishwa 2020 kuhusu vijana waliooa wa Riyadh, Saudi Arabia. Wengi wao wakiulizwa kwa siri walisema hawana tatizo mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba, ila wengi walidhani wenzao wanaokubali ni wachache kuliko ilivyokuwa, na hao wenzao walikuwa wamekaa nao ukumbi uleule, wengine wanafahamiana! Baadhi yao walipoambiwa idadi halisi, walikuwa wepesi zaidi kuandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Hawakuhubiriwa, walionyeshwa tu kwamba hawako peke yao.

Ushauri wangu usianzie kwenye grupu, mtafute yule jamaa ana kwa ana. Ana kwa ana watu ni wepesi zaidi kuliko kwenye simu. Taasisi ya Pew ilitoa utafiti 2014 kuhusu Wamarekani na ile ishu ya Edward Snowden, aliyevujisha siri za serikali ya Marekani kufuatilia mawasiliano ya watu, 86% walikuwa tayari kulizungumzia wakikutana na watu, ila kati ya wanaotumia Facebook na Twitter ni 42% tu waliokuwa tayari kuposti. Kwenye simu hujui nani anasoma na nani anapiga skrinishoti, ndiyo maana. Mwombe radhi kwa ile emoji, mengine yatakuja yenyewe.

Anko, zamani nilikuwa naona sera fulani ya chama chetu ni mbovu na nilikuwa nasema waziwazi hata nyumbani. Baadaye nikapata nafasi ndani ya chama, ndogo tu, na sehemu ya kazi ni kuitetea hiyohiyo sera. Mwanzoni nilitetea kwa mdomo. Sasa hivi naona ni nzuri kweli, nikisoma nilichoandika zamani nacheka. Mke wangu anasema nimejidanganya, mimi nasema nimekua. Nani yuko sahihi? – Nimekua

Kaka, watu huwa wanabadilika kwa haki kabisa na mi sikujui, kwa hiyo siwezi kukutolea hukumu kutoka huku. Ila kuna neno umeliandika limenikaa kichwani, umesema nafasi yenyewe ni "ndogo tu".

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Leon Festinger na mwenzake James Carlsmith walichapisha jaribio walilofanya pale Stanford. Mwanafunzi anapewa kazi ya kuchosha makusudi, anatoa vitu kwenye trei na kuvirudisha, halafu anazungusha vigingi kwenye ubao, robo mzunguko, robo mzunguko, saa nzima. Akimaliza anaombwa amdanganye anayefuata kwamba kazi ni tamu sana. Baadhi walilipwa dola 1 kwa huo uongo na baadhi walilipwa dola 20, ambayo enzi hizo ilikuwa hela ya maana. Baadaye wakaulizwa kwa upole, hivi kweli ile kazi uliionaje? Wa dola 20 walisema ilikuwa inachosha. Wa dola 1 ndio waliosema, mbona haikuwa mbaya, ilikuwa na raha yake.

Ukifikiri utaona kwa nini. Wa dola 20 ana maelezo ya uongo wake, yako mfukoni, kwa hiyo hana haja ya kugusa imani yake. Wa dola 1 hana maelezo, anajiuliza mtu mzima kama mimi nimedanganya kwa hela hii kweli? Haiwezekani, basi lazima niliipenda. Kwa hiyo mimi chawa anayelipwa vizuri hanitishi kama wewe, yule jioni akivua shati la chama anajua amevua nini. Wewe wa nafasi ndogo, ya heshima kidogo na kiti cha mbele kwenye mikutano, ndiye unayeweza kubadilika ndani bila kujua ulibadilika lini. Robert Trivers, mwanabiolojia, tangu 1976 alikuwa anasema kwamba kujidanganya kunatusaidia kudanganya wengine vizuri zaidi, maana anayeamini uongo wake hababaiki wala hatoi jasho. Ukiona siku hizi unaitetea sera yenu bila kutoka jasho, usiharakishe kufurahi.

Halafu kuna hili la mwanasaikolojia Geoffrey Cohen, 2003. Alichukua Wamarekani wa mrengo wa kushoto na wa kulia akawapa sera ya msaada kwa maskini, mara ya mkono mpana, mara ya kubana kwelikweli, kisha akawaambia chama chao kinaiunga mkono au kinaipinga. Watu walifuata chama! Wanaopendaga msaada mkubwa waliikubali ile ya kubana ilimradi imesemwa ni ya kwao, na wa upande wa pili vilevile, yaliyomo ndani ya sera yalikuwa kama hayapo. Cha kuchekesha, na si cha kuchekesha, walipoulizwa umetumia nini kuamua, walisema wameangalia sera yenyewe. Hawakuwa wanamdanganya mtafiti, walikuwa wameshadanganyana wenyewe kwa wenyewe ndani ya kichwa kimoja.

Sasa fanya hivi, bila mke kuwepo. Chukua karatasi uandike ni kitu gani hasa kilikubadilisha, na kilitokea kabla au baada ya kupata nafasi. Kama ni kitu cha kushika, ripoti uliyoisoma, matokeo uliyoyaona, mtu aliyefaidika na sera unamfahamu, basi umekua kweli na mkeo mwonyeshe hiyo karatasi. Ila kama unajikuta unaandika "niliona picha kubwa" na "nikaelewa mambo yanavyoendeshwa", hapo pana walakini, hayo si mambo uliyoyajua, ni mahali ulipokaa. Jaribu pia kuiwaza sera hiyohiyo, neno kwa neno, ingekuwa imeletwa na wapinzani wenu. Ungeisoma mpaka mwisho?

Na mkeo usimpuuze, yeye ndiye alikusikia zamani, na hana kiti huko kwenye chama.

Anko, mume wangu na ukoo wao wote ni chama kimoja, tena kwa ukali. Wakizungumza mimi natikisa kichwa. Lakini kwenye kura nachagua ninavyojua mwenyewe, na nikitoka nasema nimechagua chao. Naona kama ninawasaliti. – Natikisa Kichwa

Huwasaliti dada yangu, unatumia kitu kilivyotengenezwa kitumike. Kile kibanda cha kura kiliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Makoloni ya Australia, Victoria na Australia Kusini, ni miongoni mwa yaliyoanza utaratibu huu wa kura ya siri 1856, Uingereza ikafuata 1872, kabla ya hapo Mwingereza alikuwa anamtaja mgombea wake hadharani huku mwenye ardhi au tajiri wake anasikia, na wewe fikiria mtu gani angemtaja mwingine. Kenya 1988 walijaribu kura ya mlolongo kwenye mchujo, unapanga foleni nyuma ya mgombea wako kila mtu anakuona, na aliyepata zaidi ya 70% hakuhitaji hata kwenda kwenye kura ya siri. Wakenya wa umri wangu ukiwatajia mlolongo hadi leo wanakunja uso.

Onyo moja tu, usimpigie mtu picha ya karatasi yako, hata mume, hata akikubembeleza. Siku ukikubali mara moja umempa haki ya kuomba tena, na hata wewe ukikataa atajua kwa nini umekataa.

Mimi nasema ukweli popote, sijali. Nimefukuzwa magrupu manne, ndugu wameniblock, kazini hawanisalimii. Nimeamini wenye akili huwa tunakaa peke yetu. Wape moyo wenzangu. – Simba wa Ukweli

Simba, kupingwa na watu wengi si ushahidi kwamba uko sahihi, kama vile kushangiliwa na watu wengi si ushahidi. Anayesema mstari mfupi ndiyo mrefu naye hukaa peke yake. Barua yako ina kurasa mbili na sijaona mahali hata pamoja uliposema "hapa sina uhakika", na hiyo mara nyingi ni dalili kwamba mtu ameshajiunga na kundi, ila kundi lenyewe lina mwanachama mmoja. Umewahi kumbadilisha mtu mawazo? Na wewe umewahi kubadilishwa mawazo? Ukiwa na jibu la hilo la pili niandikie, nitalichapisha.

Ndugu Anko, mimi ni katibu wa tawi. Tangu nishike nafasi vikao vyetu vinakwisha mapema na hakuna ubishi, maamuzi yote tunapitisha kwa kauli moja. Aliyenitangulia alikuwa anagombana na wajumbe mpaka usiku. Nataka wengine wajifunze umoja wetu. – Katibu

Ndugu Katibu, hongera kwa kuwahi kurudi nyumbani. Kuhusu umoja, ngoja kwanza.

Aprili 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliruhusu uvamizi wa Cuba pale Ghuba ya Nguruwe, wakimbizi wa Kicuba kama 1,400 waliofundishwa na CIA, na ndani ya siku tatu walikuwa wameshindwa, wengi wametekwa. Mezani walikaa watu wenye akili za kutisha. Mmoja wao, mwanahistoria Arthur Schlesinger, alikuwa na mashaka makubwa na hata alimwandikia rais, ila ndani ya vikao akanyamaza, na baadaye aliandika kwamba alijilaumu sana kwa ule ukimya. Mwanasaikolojia Irving Janis ndiyo akaitungia hali hiyo kitabu 1972, watu wanapendana, wanamheshimu mkubwa, kila mmoja anameza shaka yake asiharibu hali ya hewa, mwisho wanapitisha kwa kauli moja kitu ambacho nusu yao hawakiamini.

Tena Kennedy alijifunza. Oktoba 1962 makombora ya Kirusi yalipoonekana Cuba, kuna vikao alitoka makusudi, akawaacha wabishane bila sura yake mbele yao, maana alishaona kwamba bosi akikunja uso tu chumba kizima kinakubali.

Kwa hiyo jaribu hivi: maoni yako yatoe mwisho, siyo mwanzo. Kabla ya kikao omba kila mjumbe aandike hoja yake kwenye karatasi, bila jina ikibidi, ukumbuke hata kwa Asch watu walipoandika majibu badala ya kuyasema kwa sauti mkumbo ulipungua sana. Na atakayethubutu kukupinga mara ya kwanza, wengine hawatasikiliza hoja yake, wataangalia uso wako. Kikao kikirefuka usinilaumu.

Kaka yangu mkubwa anaishi nje, kila wiki anarusha video za kuikosoa serikali yetu na ananiita mwoga kwa sababu sishei hata moja. Huku watu wanachukuliwa. Nina watoto. Nimeanza kujiona sina thamani. – Mama Wawili

Mama, wewe si mwoga. Kaka yako anaongea kutoka mahali ambapo bei ya kuongea anailipa mwingine, na huyo mwingine ni wewe na wanao. Mueleze hivyo, kwa heshima yote ya ukaka wake.

Desemba 21, 1989 Nicolae Ceaușescu, dikteta wa Romania, alisimama kwenye roshani Bucharest kuhutubia umati ulioletwa na mabango yake, wafanyakazi wa viwandani, watu waliomshangilia miaka yote. Katikati ya hotuba zikaanza kelele, halafu zomeazomea. Akanyoosha mkono kuwatuliza, uso umemshuka haelewi, na televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja kabla haijakatwa. Kesho yake alitoroka kwa helikopta, na Krismasi alipigwa risasi. Wale watu hawakubadilika mawazo asubuhi ile, walikuwa nayo siku nyingi na walikuwa wamebeba mabango. Ungewaita waoga wiki moja kabla, ungewakosea.

Ila kuna ngazi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kunyamaza ni kitu kimoja. Kushangilia ni kitu kingine. Kumchongea mwenzio ili wewe uonekane msafi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ya kwanza ni haki yako, usiombe radhi kwa mtu. Ya pili, fanya ile tu usiyoweza kuikwepa, usiongeze chumvi, ukitakiwa kupiga makofi piga na ukae, usiwe wa mwisho kuacha. Ya tatu usiiguse. Na wanao wakikuuliza ndani ya nyumba, kama bado ni wadogo wa kuropoka shuleni, waambie "hilo tutazungumza ukikua" badala ya kuwaambia uongo ambao baadaye itabidi uufute.

Tafuta pia mtu mmoja, mmoja anatosha, ambaye unaweza kumwambia unachofikiri kweli, kwa mdomo, simu zikiwa chumba kingine. Siyo kwa ajili ya mapinduzi, ni kwa ajili ya kichwa chako, ili mwaka wa tano au wa kumi usije ukaanza kuamini yale unayotikisia kichwa.

Barua yako nimeibadilisha maneno mengi kabla ya kuichapisha na ile ya asili nimeifuta. Na wewe ifute kwenye simu yako, pamoja na zile video za kaka.